Mimi wa Kuazima

Bwana Elinami amefariki, na kabla hajafariki alinifanyia jambo ambalo sijui kama nitamsamehe: alimpa Keza namba yangu ya simu. Nilikuwa uani hapa Mwanga, Kigoma mjini, nachambua dagaa, simu ikaita, sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, "Shikamoo mama. Naongea na Bi Devota, aliyekuwa mkalimani kule kituoni ufukweni?" Nikaitikia marahaba, ndiye mimi. Akasema anaitwa Keza, amelelewa Simbo, sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amemtafuta yule mtaalamu aliyemhudumia mama yake zamani, akamkuta Moshi, hoi kitandani. Alipomuuliza mama yake alisema nini kabla ya kuondoka, mgonjwa alimjibu, "Mama yako mimi sikuwahi kumsikia. Nilimsikia mkalimani. Muulize yeye." Wiki mbili baadaye akazikwa. Keza akaomba aje kwangu Jumamosi. Nikasema karibu, kisha nikarudi kwa dagaa wangu.

Mwaka niliokuwa mkalimani nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mambo ya kwetu Kalinzi nayaruka, kwani waliobaki kule na kahawa yao hawakuhusika na kosa langu. Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma kwa Mzee Jayanti, Mhindi muuza vitambaa, jirani na soko. Mbele palikuwa na duka, barazani mafundi cherehani wanne, katikati aliishi yeye, na mimi nilikaa uani katika chumba kilichokuwa stoo ya majora. Hata baada ya kupigwa chokaa kilinukia nguo mpya, ile harufu kavu inayokereketa koo. Dirisha langu moja lilitazamana na jiko lake, hatua tatu tu, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila kitu: kijiko kikigonga sufuria, redio, na yeye mwenyewe akiongea na mrehani aliouotesha kwenye kopo la mafuta ya kupikia na kuumwagilia kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma na mwanawe alikuwa Uingereza. Alizaliwa Ujiji, Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu mimi Muha wa milimani, na alikuwa na masharti mawili tu: nisiingize samaki jikoni mwake, na Jumapili nimsaidie kupika. Hebu fikiria, kuishi Kigoma bila samaki. Migebuka yangu nilikuwa naikaanga kwa mawese kule pembeni kabisa, karibu na choo, majirani wakinicheka, naye akisimama mlangoni na leso puani kuniuliza eti ziwa limeamkaje leo.

Kazi yangu ilikuwa kituo cha kupokea wakimbizi, chini ufukweni. Watu walikuwa wanavuka ziwa usiku na mchana, wengine kutoka Burundi, wengine Kongo, na shirika lilikuwa limemleta Bwana Elinami, Mchaga mrefu mwenye suruali za kupigwa pasi, aliyesomea saikolojia, aongee na wale waliokuwa wameacha kula au kulala. Kirundi hakujua. Kiha changu kinaelewana na Kirundi, basi nikawa mdomo wake. Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu, ndoo ya maji na kikombe cha plastiki cha kijani. Siku ya kwanza nilisema, "Anasema mumewe aliuawa," akanikatiza pale pale. "Usiseme 'anasema', Devota. Unamsukuma mbali. Sema kama yeye: mume wangu aliuawa. Wewe hapo hupo." Ndivyo walivyofundishwa, na nadhani ni njia nzuri kwa anayesikiliza. Kwa anayesema ni jambo jingine. Nilikuwa sijaolewa, lakini kufikia mvua za kwanza nilikuwa nimeshafiwa na waume wengi, nimezika wazazi bila jeneza, nimetembea na mtoto aliyekufa mgongoni kwa sababu sikutaka kumweka chini porini. Yote hayo niliyasema kwa sauti yangu, nikisema mimi, mimi, mimi, kutwa. Jioni niliuacha ugali wangu wa muhogo sahanini. Nikaanza kuliogopa lile neno. Sokoni mama muuza nyanya aliuliza nani anataka fungu hili la mwisho, nikanyoosha mkono kama bubu.

Jumapili Bwana Elinami akitoka kanisani alikuwa akija kula kwa Mzee, maana mapishi yake mwenyewe yalikuwa ya kutia huruma. Tulipika wali uliochanganywa na choroko, dengu, chapati nyembamba, na pembeni chupa ya achari ya embe iliyotengenezwa na marehemu mke wa Mzee, ambayo yeye peke yake aliigusa, kipande kimoja kila Jumapili. Wao walikula mezani, mimi nikila kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kwa hiari yangu, kwani nilishachoka kutazamwa usoni. Na kila Jumapili ubishi ulikuwa ule ule. Bwana Elinami alisema nafsi ya mtu haizaliwi imekamilika, inatengenezwa, kuanzia maziwa ya mama mpaka matusi ya shuleni, kipande kwa kipande, na vipande vingine viko chini sana kiasi kwamba mwenyewe havijui. "Kama hiyo nguo barazani, Mzee. Janga linaichana. Mimi kazi yangu ni kukaa na mtu mpaka ashone, aweze kusema, haya yote yamenipata mimi, na bado ni mimi." Mzee Jayanti alitikisa kichwa kile cha kwao, kisichosema ndiyo wala hapana. "Mwanangu, nguo umeielezea vizuri. Sasa aliyeivaa je? Mwili unauona. Hasira unaiona. Kumbukumbu zako unaziona zikija na kupita. Hata huyo anayejiita mimi, mimi, naye unamwona akijigamba. Unachokiona si wewe. Wewe ni yule anayeona. Huyo hajawahi kuchanika, hana cha kushonwa."

Bwana Elinami hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Namkumbuka akiiweka chapati chini. "Na huyo anayeona, Mzee, anawakumbuka watoto wake?" Nikaacha kutafuna nisikie jibu la Mzee. "Hakumbuki. Anaona kukumbuka." "Basi huyo hanifai. Mimi natibu watu wanaokumbuka." Wakacheka wote wawili, nami nikaondoka na vyombo kwenda bombani, kama kila Jumapili, wakati wao wanaendelea. Siku hizi watu husema mambo kama yale kwenye simu zao, ya Wahindi na ya Wazungu, wanayachanganya kama saladi na kuyaita afya ya akili. Mimi niliyasikia yakigongana mezani kati ya watu wawili waliopendana, na nakiri kwamba nilichagua upande haraka, kwa sababu nilikuwa na njaa ya jibu moja tu. Pale bombani nilijaribu. Nikasema moyoni, kuna msichana hapa anayesugua sufuria, kuna hofu kifuani mwake, na mimi naviona vyote. Pumzi ikashuka mpaka tumboni kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kesho yake kituoni nilifanya hivyo hivyo kila nilipotamka yale maneno ya watu, na nikalala, na nikala. Sitasema uongo kuhusu hilo hata leo. Lilinisaidia.

Goreti alifika mwezi ule ule. Mtumbwi wao ulipinduka karibu na ufukwe wetu. Mumewe alizama, na wavulana wawili. Mkono mmoja alikuwa amemkumbatia Keza, wa miaka minne, mkono mwingine amemshika mwanawe mkubwa. Ule mkono uliachia. Ndicho alichokisema. Ukimuuliza amelalaje, atasema, "Mimi ndiye niliyeachia." Ukimpa uji, "Mimi ndiye niliyeachia." Na mimi ilinibidi nimgeukie Bwana Elinami na kusema kila mara, kwa sauti yangu, mimi ndiye niliyeachia. Keza alikaa chini ya meza akifungua na kufunga kifungo cha kiatu changu. Wiki zikapita. Bwana Elinami hakuchoka naye, alikuwa anamrudisha majini kwa maneno, taratibu, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja aliinama mbele na kuniambia polepole, "Mwambie hivi. Mkono mmoja uliachia, mwingine ulishika. Mikono yote miwili ni yako. Unaweza kulisema hilo?" Sasa najua ile ilikuwa ndiyo sentensi aliyokuwa akiielekea muda wote, kama mtu anayemvuta mwenzake kwa kamba. Nami sikuitamka. Nilikuwa nimelala vibaya, uso wa Goreti ulikuwa umeanza tena kujikunja kwa lile neno lake, na niliona kabisa kwamba nitalazimika kulisema tena. Nilitaka anyamaze. Nikamwambia kwa Kiha, nikimtazama machoni, "Goreti, yule aliyeachia si wewe. Wewe ni yule anayemwona. Huzuni ni yake. Mwache aende zake, wewe baki unatazama." Niliongeza na mengine, kila nilichokisikia nikiwa kigodani.

"Mbona imekuwa ndefu?" Bwana Elinami aliuliza.

"Kirundi kinazunguka, Bwana."

 Goreti akavuta kile kikombe cha kijani na kunywa maji mpaka tone la mwisho, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Kuanzia siku ile alibadilika kama mgonjwa aliyechomwa sindano ya kweli. Alikula. Alisuka nywele. Alijibu maswali kwa sauti tulivu, na lile neno lake hakulisema tena. Bwana Elinami aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana ahueni kubwa, akaninunulia soda. Kulikuwa na jambo moja tu, nami nililiona peke yangu: Keza alipomwita mama yake, Goreti hakugeuka mara moja. Aligeuka baadaye, pole pole, na kumtazama mtoto kwa upole uleule aliotutazama sisi. Nikadhani ndiyo amani yenyewe, na nikajisifu.

Baada ya majuma matatu nilimkuta langoni asubuhi, kanga imekunjwa kichwani, Keza amesimama pembeni. Akasema, nami nayakumbuka kwa mpangilio wake, "Nashukuru ulichonifundisha. Yule aliyezaa nimemwacha aende. Huyu mtoto ni wake. Mimi sina mtoto. Mshike." Akauweka mkono wa Keza katika mkono wangu wa kulia. Nilitabasamu. Nilidhani anakwenda kuchota maji, na kwamba ameongea tu vile waumini wapya wanavyoongea. Alipanda njia ya kuelekea barabarani bila haraka na bila kugeuka. Walimtafuta barabarani, wakatafuta ufukweni, wakauliza madereva wa malori na wavuvi. Hakuna aliyemwona, si siku ile wala baadaye, na mpaka leo hakuna anayejua kama yu hai. Keza alikaa langoni siku mbili, akikataa kuingia ndani, mpaka mama mmoja wa Simbo aliyekuwa akituletea mihogo alipomfunga mgongoni na kuondoka naye.

Jumapili iliyofuata Bwana Elinami hakuja kula. Nilimweleza Mzee Jayanti nilichofanya, nikitegemea atasema nimemwelewa vema ila bahati imekuwa mbaya. Sijawahi kumwona mtu mtulivu akikasirika vile. "Nani alikuambia hayo ni ya kumpa mtu aliyetoka majini?" alisema. "Kila Jumapili namwambia Elinami, kwanza mtu awe mtu. Ashike. Ashike mke, ashike watoto, awazike wazazi wake, ashike mpaka ashibe. Halafu uzeeni, kwa hiari yake, aanze kuachia kidole kimoja kimoja. Kila Jumapili nasema! Wewe uko wapi?" Nilikuwa bombani. Nilikuwa nasugua sufuria, nikiifanyia mazoezi ile nusu niliyoisikia. Akakaa mezani amechoka, akavuta ile chupa ya achari, akatia kijiko, kijiko kikagonga chini. Kilikuwa kipande cha mwisho. Alikishika kwenye kijiko bila kukila, kisha machozi yakaanza kumtoka, bila kujificha, mafuta yakidondoka juu ya kitambaa cha meza. Na mimi, kwa ukali wa mtu aliyekosa, nikamuuliza, "Mzee, anayelia hapo ni nani?" Akajifuta kwa kiganja. "Ni mimi, binti. Nani mwingine?"

Nilimvua mtu nguo pekee aliyokuwa nayo. Hivyo ndivyo ninavyoliona sasa. Ilikuwa imechanika, ndiyo, na mwenzangu alikuwa ameshika sindano, amebakiza sentimita chache. Huenda Mzee alisema kweli kwamba kuna anayeivaa, asiyechanika. Nimezeeka na kuna asubuhi nadhani nimemwona. Lakini Goreti hakuwa na mahali pengine pa kusimama isipokuwa ndani ya ile "mimi ndiye niliyeachia", kwa sababu ndani ya hiyo hiyo alikaa yule aliyemshika Keza. Nilipomwondolea mmoja niliwaondoa wote wawili. Hilo sikumwambia Bwana Elinami. Yeye aliamini kosa ni lake, kwamba ameharakisha, akaomba uhamisho. Nilimsindikiza stesheni na sanduku lake. Treni ilipokaribia kuondoka aliniangalia kupitia dirishani. "Devota, ile siku. Ilikuwa ndefu kweli." Nikamwambia, "Kirundi kinazunguka, Bwana." Alitikisa kichwa, treni ikasogea, akaubeba mzigo wangu mpaka kitandani kwake Moshi.

Jumamosi Keza alikuja na pikipiki ya kukodi, mwanamke mwembamba mwenye paji la uso la mama yake, ameshika mfuko wa maparachichi. Nilikuwa nimekaanga migebuka na kusonga ugali, nikamkaribisha, akanawa, lakini hakula. Nikamweleza vile tulivyokuwa tunatafsiri, nikamuuliza kama ataweza kusikia kwa namna hiyo. Akasema ndiyo. Basi nikasema kama mama yake, kwa Kirundi, kwa mara ya mwisho: nashukuru ulichonifundisha, yule aliyezaa nimemwacha aende, huyu mtoto ni wake, mimi sina mtoto, mshike. Halafu nikaacha kuwa Goreti na kumwambia yaliyobaki: kigoda, bomba, sentensi niliyoiba, na soda niliyokunywa. Nilisema, "Ni mimi. Si mtaalamu, si yule Mzee, si ziwa." Nilidhani atapiga kelele au atainuka. Alikuwa anauangalia mkono wangu wa kulia juu ya meza.

"Alinitaja jina?" aliuliza.

Neno moja tu. Ningeliweka mahali pake na hakuna ambaye angenisahihisha. "Keza ni wake" badala ya "huyu mtoto ni wake". Alikuwa amelisubiri maisha yake yote, na nililiona likiwa tayari mdomoni mwangu, zuri, lenye huruma, kama yale mengine.

"Hapana," nikasema. "Alisema 'huyu mtoto'."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.  Samaki wakapoa. Baadaye alisimama, akayaacha maparachichi mezani, nami nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki kwa sababu ndivyo anavyosindikizwa mgeni hata kama hataki. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Alipokwisha kupanda ndipo aliponigeukia.

"Mama, mimi nina watoto wawili. Kila ninapotoka mlangoni nawaita kwa majina, wote wawili, mpaka waitike. Hata kama naenda chooni tu. Mume wangu hunicheka." Akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Sikujua tabia hiyo niliitoa wapi."

Dereva akawasha pikipiki. Nilibaki barabarani, na mkono wangu wa kulia nimeufumba.